Maji ya chemchemi yaweza kuharibu meno ya mtoto

Wakazi wengi wa mijini huamini kwamba maji yanayobubujika yenyewe kutoka ardhini ni bora kuliko maji ya mfereji. Wapo wanaozuru Bonde la Ufa wakarudi nyumbani na mitungi iliyojazwa kwenye chemchemi. Wapo pia wanaowanywesha watoto maji hayo wakitumaini yatatuliza tumbo au kuimarisha viungo.

Imani hiyo ina ukweli kiasi, lakini pia ina hatari. Maji ya chemchemi katika nchi ya volkano yaweza kuwa maangavu kama kioo, yasiwe na harufu wala kijidudu hata kimoja, na bado yakaacha madoa ya kahawia kwenye meno ya mtoto ambayo hayatafutika maisha yake yote. Kinacholeta madhara hayo ni madini yaitwayo floraidi. Juma hili tunaeleza floraidi hutoka wapi, huwadhuru akina nani, na familia yaweza kujikinga vipi.

Chemchemi hupataje madini?

Bonde la Ufa lilitokea mahali ambapo gamba la dunia linavutwa pande mbili na kupasuka. Longonot, Suswa na Menengai ni volkano zilizozaliwa na mpasuko huo. Mvua inaponyesha kwenye kuta za bonde, sehemu ya maji hupenya kwenye nyufa na kushuka chini sana, mahali penye mawe ya moto. Huko maji hupata joto, kisha hupanda tena kupitia nyufa nyingine na kutokea juu kama chemchemi.

Mfano unaojulikana sana ni Ziwa Bogoria katika Kaunti ya Baringo. Kwenye ufuo wake wa magharibi, mahali paitwapo Loburu, kuna chemchemi ambazo maji yake hutoka yakikaribia kuchemka, na nyingine huyarusha hewani kwa nguvu. Maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipopanda katika miaka ya 2010 na 2020, baadhi ya chemchemi hizo zilifunikwa na ziwa. Chemchemi za moto zapatikana pia kando ya Ziwa Magadi, na huko Maji Moto katika Kaunti ya Narok.

Safari hiyo ya chini kwa chini ndiyo inayoyapa maji madini. Maji ya moto huyeyusha mawe zaidi kuliko maji baridi, na kadiri yanavyokaa ardhini ndivyo yanavyobeba zaidi. Mawe mengi ya volkano katika bonde hili yana sodiamu na floraidi kwa wingi, lakini kalsiamu yake ni kidogo. Jambo hili la kalsiamu ni muhimu. Mahali penye kalsiamu ya kutosha, madini hayo huishika floraidi na kuifanya jiwe gumu linalobaki ardhini. Mahali ambapo kalsiamu ni haba, floraidi hukosa wa kuishika, ikabaki ndani ya maji.

Ndiyo sababu maji mengi yenye floraidi huwa laini, hutoa povu la sabuni kwa urahisi na hayaachi ukoko mweupe ndani ya birika. Mama wa nyumbani huyapenda kwa sababu hiyo, kumbe ulaini huo si dalili ya usalama.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1984 ulionyesha ukubwa wa jambo hili nchini. Kati ya sampuli zaidi ya 1,000 za maji ya ardhini zilizopimwa, asilimia 61 zilikuwa na floraidi ya zaidi ya miligramu 1 kwa kila lita, karibu asilimia 20 zilipita miligramu 5, na asilimia 12 zilipita miligramu 8. Katika maziwa ambayo maji yake huishia kuwa mvuke bila ya kupata mto wa kutokea, viwango vilikuwa vikubwa ajabu: miligramu 1,640 kwa lita katika Ziwa Elementaita, na 2,800 katika Ziwa Nakuru. Hakuna anywaye maji ya maziwa hayo, lakini yanatuonyesha ni nini kilichomo ndani ya mawe ya eneo hilo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Katika nchi za joto, ambako watu hunywa maji mengi kwa siku, hata kiwango cha chini ya hapo chaweza kuacha alama menoni.

Si kila chemchemi ni mbaya

Msomaji asije akadhani kwamba kila chemchemi ni sumu. Chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, hutokana na mvua inayopenya kwenye mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu, na tangu miaka ya 1950 maji yake yamekuwa yakipelekwa Mombasa kwa bomba. Nairobi nayo imekuwa ikinywa maji ya chemchemi za Kikuyu tangu siku za mwanzo za mji huo.

Funzo ni kwamba chemchemi mbili zaweza kutoka katika mawe ya volkano na bado maji yake yakatofautiana sana, kulingana na aina ya mawe, joto, na muda ambao maji yamekaa ardhini. Jina la chemchemi au uzuri wa mahali ilipo haliwezi kukuambia kilichomo. Kipimo cha maabara peke yake ndicho kitakachokuambia.

Vilevile tusidhani kwamba hatari hii iko mbali na jiji. Maji yanayotoka katika mabwawa ya Ndakaini na Sasumua hutokana na mito ya milima ya Aberdare na huwa na floraidi kidogo. Lakini mifereji inapokauka, mitaa mingi ya Nairobi hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, na vingi kati ya hivyo hutoa maji yenye floraidi iliyopita kiwango. Maji hayo ndiyo huuzwa kwa malori na mikokoteni, na mnunuzi hana habari yametoka kisima gani. Katika jiji la Nakuru na miji ya Naivasha, Gilgil na Njoro, jambo hili limejulikana kwa miaka mingi.

Jinsi siri ilivyofichuliwa

Mnamo 1901 daktari Mmarekani, J. M. Eager, aliyekuwa akiwakagua wahamiaji katika bandari ya Naples nchini Italia, aliandika kuhusu watu wenye meno ya madoa meusi. Wengi walitoka sehemu za volkano zilizo karibu na mji huo, kama Pozzuoli. Mwaka uo huo daktari wa meno Frederick McKay alianza kazi huko Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia. Alishuku maji, lakini maji yalipopimwa kwa njia za wakati huo hayakuonyesha kasoro.

Ilichukua miaka 30. Mnamo 1931 mwanakemia H. V. Churchill alitumia njia mpya ya kupima na kugundua kwamba maji ya sehemu zenye tatizo hilo yalikuwa na floraidi nyingi. Ikiwa wataalamu wenye maabara walihangaika miaka yote hiyo, ni wazi kwamba mtu wa kawaida hawezi kuitambua floraidi kwa macho wala kwa ulimi.

Floraidi hufanya nini mwilini?

Floraidi kidogo ina faida. Hulifanya tabaka gumu la nje la jino, yaani enameli, listahimili asidi inayotoboa meno. Ndiyo sababu hutiwa katika dawa ya meno. Tatizo ni kuzidi.

Meno ya kudumu ya mtoto huanza kujengwa ndani ya ufizi tangu akiwa mchanga, miaka mingi kabla ya kuonekana mdomoni. Kazi hiyo huendelea hadi afikapo miaka minane hivi, isipokuwa kwa magego ya mwisho. Akinywa floraidi nyingi katika kipindi hicho, enameli haikomai ipasavyo. Jino huota likiwa na mistari au mabaka meupe kama chaki. Hali ikiwa kali, jino hubadilika kuwa la kahawia na pengine hupata vishimo na kumeguka. Hali hii huitwa florosisi ya meno.

Mambo matatu yafaa kukumbukwa. Kwanza, mtu mzima ambaye meno yake yamekwisha kuota hawezi kupata madoa haya hata akihamia mahali penye floraidi. Pili, mzazi anapoyaona madoa, madhara yalikwisha kutendeka miaka kadhaa nyuma. Tatu, madoa hayaondoki kwa mswaki, mkaa wala majivu. Daktari wa meno aweza kuyapunguza kwa kusugua tabaka la juu, au kuyafunika kwa vijazio vya rangi ya jino, lakini hiyo ni kazi ya gharama.

Hapa kuna jambo la kibinadamu. Watoto wengi wenye meno haya huitwa wachafu shuleni, na wengine hukua wakifunika mdomo kila wanapocheka. Mwalimu au mwajiri anayemdhania mtu huyo kuwa hapigi mswaki anamkosea. Mtu huyo aweza kuwa anapiga mswaki mara tatu kwa siku.

Watu wazima nao hawako salama kabisa. Floraidi inayoingia mwilini mwaka baada ya mwaka hujilimbikiza mifupani. WHO inaeleza kwamba mahali ambapo maji ya kunywa yana miligramu 3 hadi 6 kwa lita, mifupa yaweza kuanza kuathirika, na yakipita miligramu 10 mtu aweza hata kulemaa. Dalili za mwanzo ni maumivu na ugumu wa viungo na mgongo, ambazo wengi hudhani ni baridi yabisi. Huenda basi mgonjwa wa viungo akawa anayanywa kama tiba maji yale yale yanayomwumiza.

Kuchemsha hakuondoi floraidi

Tumefundishwa kuchemsha maji, na ni funzo jema kwa sababu joto huua viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Lakini floraidi si kiini. Ni madini, na haiuawi na moto.

Tuchukue mfano. Una lita 2 za maji yenye miligramu 3 za floraidi kwa kila lita, kwa hivyo jumla ni miligramu 6. Ukiyachemsha kwa muda mrefu hadi yabaki lita moja na nusu, mvuke umetoka lakini miligramu 6 zimebaki sufuriani. Sasa kila lita ina miligramu 4. Badala ya kupungua, floraidi imeongezeka. Anayechemsha kwa ajili ya kuua viini na aepue mara maji yanapotokota.

Dawa ya klorini haiondoi floraidi. Mitungi ya kuchujia yenye mishumaa ya udongo nayo haiiondoi, na kitambaa ndicho kabisa hakiwezi.

Yafaa pia kuangalia vitu viwili vya jikoni. Cha kwanza ni majani ya chai. Mchai hukusanya floraidi kutoka udongoni, hivyo chai nzito iliyopikwa kwa maji yenye floraidi huongeza mzigo juu ya mzigo. Mtoto mdogo ni heri apewe maziwa au uji uliopikwa kwa maji salama. Cha pili ni magadi, ambayo wengi wetu hutia katika maharagwe, githeri au mboga ili ziive upesi. Magadi hutokana na maziwa yale yale ya volkano na yaweza kuwa na floraidi nyingi. Kuloweka maharagwe usiku kucha huyalainisha bila magadi.

Hatua za kuchukua nyumbani

1. Pima maji kabla ya kuyategemea. Peleka sampuli katika maabara ya serikali, ya chuo kikuu, au ya kibinafsi iliyoidhinishwa, na utaje kwamba wataka floraidi ipimwe. Kipimo cha viini peke yake hakitoshi.

2. Tenga maji ya watoto. Si lazima maji yote ya nyumba yawe na floraidi kidogo. Maji ya kuoga, kufua na kudeki hayana neno. Maji ya kunywa na kupikia ya watoto walio chini ya miaka minane ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

3. Kinga maji ya mvua. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutajika. Acha mvua ya kwanza isafishe paa, kisha kinga, na uyachemshe au kuyatia klorini kwa ajili ya viini.

4. Changanya. Lita moja ya maji yenye miligramu 3 ikichanganywa na lita mbili za maji ya mvua hutoa lita tatu zenye miligramu 1 kila moja.

5. Nyonyesha. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi. Mtoto anayepewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo ndiye aliye hatarini.

6. Tumia chujio linalofaa. Mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto kali pasipo hewa nyingi, hunasa floraidi. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza kazi ya kuchuja maji kwa njia hii mnamo 1998, na huko Tanzania kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya kazi kama hiyo. Mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe kwa wakati. Mitambo inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno pia huondoa floraidi, na yafaa kwa nyumba za ghorofa na shule.

7. Angalia dawa ya meno. Aliye chini ya miaka mitatu atosheke na kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere moja. Mfundishe kutema, asimeze.

8. Soma karatasi ya chupa. Maneno "maji ya madini" hayamaanishi maji ya dawa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, maji ya madini yenye floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita lazima yaandikwe kwamba hayafai kunywewa kila siku na watoto walio chini ya miaka saba.

Wagonjwa wa shinikizo la damu nao wana sababu ya kuuliza. Chemchemi nyingi za bonde hili zina sodiamu kwa wingi, na sodiamu ndiyo ile ile ambayo daktari huwaambia waipunguze katika chumvi.

Je, kuoga kuna faida?

Kuoga katika maji ya moto ya chemchemi hakumpi mtu florosisi, kwa kuwa floraidi haipenyi ngozi kwa kiasi cha kudhuru. Maji ya uvuguvugu hulegeza misuli na huweza kutuliza maumivu ya viungo kwa muda. Hiyo ni nafuu, si tiba, na mgonjwa asiache dawa zake kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Usikaribie ukingo wa chemchemi zinazotokota kama zile za Bogoria, kwa sababu ardhi huko yaweza kuwa nyembamba na maji ya chini yake huunguza mara moja. Oga tu mahali palipotengwa kwa kuoga. Wenye kisukari ambao miguu yao imekufa ganzi wampe mtu mwingine apime joto la maji kwanza. Wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo na waliokunywa pombe wasikae ndani ya maji ya moto. Pia usizamishe kichwa wala kuyaruhusu maji yaingie puani, kwani katika maji vuguvugu yasiyotiwa dawa huweza kuishi amiba ambaye, ingawa ni nadra, hupitia puani na kushambulia ubongo.

Haki ya mnunuzi

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Mwenye nyumba anayewapa wapangaji maji ya kisima, shule inayowanywesha wanafunzi, na mwenye lori anayeuza kwa mtungi, wote wana wajibu wa kujua maji yao yana nini. Si utovu wa adabu kuwaomba cheti cha maabara. Swali lenyewe ni fupi: maji haya yalipimwa floraidi lini, na kipimo kilikuwa miligramu ngapi kwa lita?

Ikiwa jibu ni zaidi ya moja na nusu, na nyumbani kuna mtoto ambaye hajatimiza miaka minane, mtafutie maji mengine ya kunywa kuanzia leo.